Taa za Uani: Volti 12 au Volti 230?

Katika nyumba zilizo ukingoni mwa Ziwa Victoria, kama zile za Kirumba mjini Mwanza, ua hulowa mara kwa mara. Ukinzani wa mwili wa mtu asimamaye peku juu ya udongo wenye maji hupungua sana. Akigusa waya uliochubuka wa volti 230, aweza kufa. Waya wa volti 12 kwa kawaida hautamdhuru.

Kwa nini, basi, tusitumie volti 12 kila mahali? Jibu limo katika waya. Tuchukue balbu ya wati 60 iliyo mita 20 kutoka nyumbani, na waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 1.5. Kwenda na kurudi ni mita 40, na ukinzani wake ni omu 0.46 hivi. Kwa volti 12 balbu huhitaji ampia 5; waya hula takriban volti 2.3, na mwanga hufifia. Kwa volti 230 mkondo ni ampia 0.26 tu, na hasara ni volti 0.12. Mwanafunzi na ahakikishe mwenyewe kwa V = IR.

Taa za LED, ambazo wavuvi wengi wa dagaa ziwani wamezipokea badala ya karabai, zimebadili hesabu hiyo. Wati 8 zatosha kutoa mwanga wa balbu ile. Mkondo ni ampia 0.67, na waya hula volti 0.31. Kwa ua wa kawaida, basi, twaona volti 12 zafaa zaidi. Transfoma iwe ya koili mbili zilizotengwa, nayo ikae ndani, pakavu, kwa kuwa upande wake mmoja ungali na volti 230.