Ndama Anapokwama: Somo kwa Vikundi vya Wafugaji

Somo letu safari hii ni ng'ombe anayezaa kwa shida. Nitaanza na kisa ambacho sijivunii.

Jioni moja nilikuwa nimetembelea kikundi fulani huko Imenti Kusini, pande za majani chai. Kabla hatujamaliza mkutano, kijana alikuja mbio: mtamba wa mama mmoja mjane amekwama. Tukaenda. Tulikuta miguu miwili ya ndama imetoka, na wanaume sita wamefunga kamba ya katani, wanavuta kama vile ni mashindano ya shule. Mmoja akaniita, "Mwalimu, ongeza mkono hapa." Nami nikaongeza. Hakuna aliyeuliza kichwa cha ndama kiko wapi. Kumbe kilikuwa kimegeukia ubavuni. Daktari wa mifugo alipofika usiku, ndama alikuwa amekufa zamani, na mtamba hakusimama tena. Siku ya tatu alichinjwa. Yule mama alikuwa amemnunua kwa mkopo wa kikundi, na alitegemea maziwa yake kulipia karo ya mtoto wa kidato cha pili.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Katibu aliuliza mbegu ilikuwa ya fahali gani. Hakuna aliyejua. "Mtu wa A.I. alisema ni mbegu nzuri," basi. Ndipo mzee mmoja akasema polepole kwamba hata wake, miezi miwili nyuma, alizaa ndama mkubwa ajabu akafa, na mbegu ilitoka kwa mtu yule yule. Habari ilikuwa humo humo kikundini, lakini ilikaa kichwani mwa mtu mmoja. Tungeijua, daktari angeambiwa mapema akae tayari.

Kwa hivyo tuelewane: shida ya kuzaa mara nyingi huanzia siku ya kupandisha. Mbegu nzuri ya maziwa si lazima iwe nzuri kwa mtamba. Kabete kuna kituo cha mbegu kilichoanza mwaka 1946, ambacho tangu 2011 kinaitwa Kenya Animal Genetic Resources Centre. Fahali wa vituo kama hicho wana majina na namba, na orodha nyingi za mbegu, hasa za kutoka ng'ambo, huonyesha ni fahali gani ndama wake huzaliwa kwa urahisi. Muulize mtu wa A.I. akuonyeshe kabla hajafungua mtungi. Asipotaka, tafuta mwingine. Tangu miaka ya 1990, serikali ilipoanza kuwaachia watu binafsi kazi hii, unaye uhuru wa kuchagua, lakini pia hakuna atakayekuchagulia vizuri.

Mtamba asipandishwe kwa sababu tu ameita. Friesian awe amefika kilo 280 hivi, Jersey kilo 225 hivi. Utepe wa kupimia kifua utakusaidia. Wale wa upande wa Siakago mnaochanganya zebu na Friesian, jihadharini: mama mdogo na fahali mkubwa ni njia fupi ya kwenda kwa mchinjaji. Kwa mzao wa kwanza, mbegu ya Jersey ni salama zaidi. Halafu kuna wengine humnyima ng'ombe chakula miezi ya mwisho ati ndama awe mdogo. Hapana. Utapata mama asiye na nguvu za kusukuma. Lakini pia asinenepe kupita kiasi, maana mafuta huziba njia.

Sasa siku yenyewe. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na wiki moja hivi. Karibu na siku hiyo kiwele hujaa na mishipa ya pembeni mwa mkia hulegea. Mpe mahali pakavu pa kujigeuza, kisha mwache. Mfuko wa maji ukishaonekana, anza kuhesabu saa. Ng'ombe aliyewahi kuzaa akisukuma nusu saa hadi saa moja bila hatua yoyote, chunguza. Mtamba mpe saa moja au mbili, mradi kuna kinachosonga.

Kuchunguza si kuingiza mkono mchafu. Kata kucha, osha mkono wako na nyuma ya ng'ombe kwa maji safi na sabuni, vaa glavu ndefu. Ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza watu, kwa hivyo mama mjamzito asishike kazi hii hata kidogo. Sabuni laini au mafuta ya kupikia husaidia mkono kuteleza. Tafuta vitu vitatu: miguu miwili ya mbele, na kichwa kimelala juu yake kama mtu anayepiga mbizi. Utajuaje kama mguu ni wa mbele? Pinda viungo viwili vya kwanza kuanzia kwato. Vikipinda upande mmoja, ni wa mbele. Vikipinda kila kimoja upande wake, ni wa nyuma. Nyayo za kwato zikitazama juu, yaelekea ndama anakuja kinyumenyume, na huyo akishaanza kutoka asicheleweshwe, kwa sababu kitovu hubanwa na anaweza kuvuta maji puani.

Kama vyote vitatu vipo sawa, watu wawili wanatosha. Wanaume watanisamehe, nguvu si dawa. Kamba iwe laini na iliyochemshwa. Ifunge juu ya kifundo cha kwato, kisha izungushe tena mara moja chini yake ili isivunje mguu. Mama akisukuma, vuteni. Akipumzika, pumzikeni. Vuteni mguu mmoja kidogo, kisha wa pili, ili mabega yapite kwa zamu. Kichwa na mabega vikitoka, elekezeni chini, kuelekea miguu ya nyuma ya mama. Trakta, pikipiki na punda wabaki barabarani. Nimeona watu wakijaribu.

Muite daktari bila kungoja kama kichwa hakipatikani, kama unashika mkia peke yake au mguu mmoja, kama kuna harufu mbaya, au mkivuta robo saa bila kusonga. Vilevile ng'ombe wa maziwa mengi akilala, masikio baridi, hasukumi: huyo huenda amepungukiwa na kalisi, na kamba haitamsaidia. Bei ya daktari ni kubwa, najua. Ndiyo maana vikundi vingine huweka shilingi kidogo kila mkutano kwa ajili ya dharura hii.

Ndama akitoka, toa ute puani na mdomoni, mtekenye pua kwa unyasi, msugue kifua kwa gunia kavu. Kitovu kipakwe iodini. Dang'a aipate ndani ya saa sita za kwanza, lita tatu au nne kwa ndama mkubwa. Kondo la nyuma likipita siku nzima halijatoka, msilivute wala kulifungia jiwe. Muite daktari.

Tukirudi kwa yule mzee na habari yake: kikundi kile sasa hutoa karatasi yake kila mwezi, ukurasa mmoja tu. Katibu huandika kwa mkono, hupiga fotokopi sokoni, moja hubandikwa pale maziwa yanapokusanywa. Wengine hutuma picha yake kwa WhatsApp, lakini wenye kabambe husoma ukutani. Ina tarehe ya kupandishwa, jina na namba ya fahali kama ilivyo kwenye mrija wa mbegu, jina la mtu wa A.I., siku ya kutarajia, halafu matokeo: alizaa mwenyewe, alisaidiwa, daktari aliitwa, ndama aliishi au alikufa. Makosa huandikwa bila jina la mwenye ng'ombe, la sivyo watu wataficha. Juu kabisa ni ng'ombe wanaotarajiwa mwezi huu, ili jirani ajue ni usiku gani asizime simu.

Hii si elimu ya wazungu peke yao. Wao walikuwa na daftari la vizazi, Kenya Stud Book, tangu 1920. Lakini wafugaji wa mbuzi wa hapa Meru, baada ya FARM-Africa kuleta Toggenburg mwaka 1996, waliunda chama chao na kuandika vizazi vya mbuzi wao wenyewe.

Maswali ya kujadili kikundini:

Nani kati yetu anajua jina la fahali aliyempandisha ng'ombe wake wa sasa?

Ni ng'ombe gani wanatarajiwa miezi miwili ijayo, na kati yao mitamba ni wangapi?

Nani atatunza kamba safi, glavu na iodini za kikundi, na ufunguo utakaa kwa nani usiku?