Sheria Huanzia Mapokezi: Somo kwa Wanafunzi wa Hoteli na Utalii

Vijana wengi wa Kisii na Nyamira wanaosomea hoteli na utalii wanajua kutandika kitanda, kupanga meza na kumkaribisha mgeni kwa tabasamu. Wachache wanaweza kujibu maswali haya: Mgeni akila na kutoroka bila kulipa, nani hulipa? Akiteleza kwenye ngazi yenye maji, nani hubeba lawama? Asiyejua majibu hukatwa mshahara na kunyamaza, au humwingiza mwajiri wake kortini. Toleo hili linaeleza misingi mitano ya sheria kwa lugha nyepesi.

1. Jinai na madai

Kosa la jinai ni kosa dhidi ya umma. Polisi huchunguza, serikali hushtaki, na anayepatikana na hatia hutozwa faini au hufungwa. Mhudumu anayeiba simu ya mgeni ametenda kosa la jinai. Kesi ya madai ni mvutano kati ya watu wawili au kampuni, na lengo lake ni kumlipa fidia aliyepata hasara.

Tukio moja linaweza kuzaa kesi zote mbili. Jikoni likiuza chakula kichafu, mwenye hoteli anaweza kushtakiwa chini ya sheria za afya ya umma, na mgeni aliyeugua naye akadai fidia. Kwa upande mwingine, mteja aliyesahau pochi nyumbani ana deni tu. Aliyeingia akiwa amepanga kudanganya ili ale bure anaweza kushtakiwa kwa jinai.

2. Mkataba

Wengi hudhani mkataba ni karatasi yenye sahihi. Sivyo. Mkataba unaweza kufungwa kwa mdomo au kwa simu, mradi kuwe na pendekezo, likubaliwe, kila upande utoe kitu chenye thamani, na wahusika wawe wamekusudia kufungwa na maneno yao.

Chukua mfano wa gesti mjini Keroka. Kikundi kutoka Nakuru kinapiga simu kuomba vyumba 10 kwa shilingi 2,500 kila kimoja. Wewe wa mapokezi unasema, "Sawa, nimewawekea," nao wanatuma malipo ya awali. Jioni anakuja mteja mwingine, anatoa shilingi 3,500 kwa chumba. Ukimpa, umevunja mkataba. Kurudisha malipo ya awali huenda kusitoshe. Wageni wale wakilazimika kulala kwingine kwa bei ya juu, wanaweza kudai tofauti hiyo.

Na yale matangazo ya "Mali yako ni kwa hatari yako"? Kuna kesi maarufu ya London, ya Olley dhidi ya Marlborough Court. Mwizi alichukua ufunguo wa mgeni mapokezi, akaingia chumbani na kuiba makoti yake ya manyoya. Hoteli ilijitetea kwa tangazo lililobandikwa chumbani. Mahakama ya Rufani ilisema mkataba ulifungwa mapokezi, kabla mgeni hajaliona tangazo hilo, kwa hivyo hoteli haingeweza kulitegemea. Uamuzi wa Uingereza hauzifungi mahakama zetu, ila hutumiwa kama mwongozo. Funzo ni kwamba mgeni aelezwe masharti kabla hajalipa.

3. Wajibu wa uangalifu

Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, Scotland, Bi Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Alidai kwamba baada ya kunywa kiasi, konokono aliyeoza alitoka chupani. Hakuwa na mkataba na yeyote, kwa sababu si yeye aliyelipa. Hata hivyo, mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumjali mtumiaji wa mwisho, hata kama hawajawahi kuonana.

Msingi huo unatumika Kenya pia. Ili kushinda kesi ya uzembe, mlalamishi huonyesha mambo matatu: ulikuwa na wajibu wa kumjali, ulishindwa kuutimiza, na yeye akaumia kwa sababu hiyo. Tena, Sheria ya Dhima ya Wamiliki wa Majengo, Sura ya 34, inamtaka anayesimamia jengo achukue hatua za busara ili anayeingia awe salama. Ukipiga deki, weka alama ya sakafu yenye maji. Ukiongoza wageni kwenye mwinuko wa Manga au kwenye machimbo ya mawe ya Tabaka, waonye mapema kuhusu mahali pa kuteleza na palipo na mawe yanayoporomoka.

4. Usawa na faragha

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi. Huwezi kumnyima mtu chumba kwa sababu ya kabila, dini au ulemavu wake. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na habari anazohitaji ili kunufaika nayo.

Kitabu cha wageni nacho kina siri za watu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, jina, nambari ya kitambulisho na simu ya mgeni hutumika kwa kazi iliyokusudiwa tu. Mtu akipiga simu kuuliza nani amelala chumba nambari 12, usijibu, hata akisema ni mke au mume wake.

5. Haki yako wewe mfanyakazi

Turudi kwa mteja aliyetoroka. Sehemu ya 19 ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaorodhesha makato yanayoruhusiwa. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali uliyoharibu au kupoteza kwa makusudi. Pesa zikipungua, anaweza kukukata ikiwa mkataba wako unasema wazi kwamba umekabidhiwa kupokea na kutunza pesa, na upungufu huo umetokana na uzembe wako au kukosa uaminifu. Kwa jumla, makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Basi weita ambaye kazi yake ni kupeleka chakula mezani hapaswi kubebeshwa bili ya kila anayetoroka. Soma mkataba wako kabla ya kutia sahihi.

Pa kupata msaada

Mgogoro wa mshahara upeleke kwa afisa wa leba. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Leseni za biashara, za kuuza chakula na za pombe hushughulikiwa na serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba.

Jipime

1. Mgeni amelipia chumba kwa simu, lakini hajatia sahihi popote. Je, kuna mkataba?
2. Mtoto wa mgeni ameteleza bafuni. Ni mambo gani matatu ambayo mzazi wake lazima ayathibitishe?
3. Keshia na weita wanakatwa mshahara kwa sababu ya bili moja ambayo haikulipwa. Je, hali zao kisheria ni sawa?

Jadilini majibu darasani au na wenzenu kazini, mkirejelea sehemu husika za somo hili.