FUNGU LA ALIYEBAKI NA MIZIGO

Somo la mwezi: Kuwashukuru waliotumika jeshini na wanaotumika hata sasa
Andiko: 1 Samweli 30:1-25. Someni pia Luka 3:14 na Mhubiri 9:13-16.

 

Katika nchi hii ya Uganda iliyotupokea, wenyeji wetu wana siku mbili za kuwakumbuka waliopigana. Moja ni Tarehe Sita, yaani 6 Februari, siku ya jeshi lao. Nyingine ni 9 Juni, siku ya Mashujaa. Siku hizo zinapofika, swali moja hurudi katika vikundi vyetu vya maombi: Je, sisi tutamshukuru askari gani? Wengi wetu tuliacha mashamba na makaburi ya wazazi kwa sababu ya watu wenye sare na bunduki. Mtu aliyechomewa nyumba na mwenye sare atawezaje kumwambia mwenye sare asante?

Hatutaki kulikimbia swali hilo. Ni la haki, na Biblia inalo neno juu yake.

1. SIKLAGI, MJI ULIOCHOMWA

Daudi na watu wake walirudi Siklagi wakakuta mji ni majivu. Waamaleki walikuwa wameuteka, wakawachukua wake na watoto. Andiko linasema wale wanaume walilia mpaka wakaishiwa nguvu. Ndugu zetu, hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia mistari hiyo. Wengi humu wanaijua kwa macho yao.

Daudi aliondoka na watu 600 kuwafuata maadui. Walipofika kijito cha Besori, 200 walishindwa kuvuka kwa sababu ya kuchoka. Wakabaki hapo kulinda mizigo. Wale 400 wakaendelea, wakapigana, wakarudisha kila mtu na kila kitu.

Waliporudi kijitoni, baadhi ya wale 400 walisema waliobaki wasipewe kitu cha nyara, wachukue tu wake zao na watoto wao, waende. Daudi akakataa. Akaamua kwamba aliyekwenda vitani na aliyebaki na mizigo watapata fungu sawa. Neno hilo likawa sheria katika Israeli.

Angalieni jambo hili. Daudi hakusimama kuwahutubia wale 200 na kuwasifu. Aliwapa fungu lao. Kwa hiyo tunajifunza kwamba shukrani ya kweli ni kumpa mtu haki yake, na ya kwanza kupewa ni yule ambaye wengine wanataka kumsahau.

2. SI KILA MWENYE BUNDUKI ANATUMIKA

Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Hapo tunapata kipimo. Anayewanyang'anya raia si mtumishi wao hata akivaa sare safi namna gani. Anayelinda mtu asiye na nguvu, na asichukue mbuzi wake, huyo anatumika.

Kwa hiyo kanisa halimwambii mama aliyeumizwa na mwenye sare aimbe sifa za jeshi. Hatutamlazimisha. Kumshukuru aliyetumika vizuri hakufuti kosa la aliyetenda vibaya, na haki ya yule mama inabaki haki. Lakini vile vile tusiache ubaya wa mmoja uzike wema wa mwingine. Tukifanya hivyo, aliyeharibu atakuwa ametunyang'anya mara mbili: ametunyang'anya mali, tena ametunyang'anya moyo wa shukrani.

3. WALIOBEBA, WAKAKOSA FUNGU

Sasa turudi kwenye ile mizigo, maana katika nchi zetu pia walikuwapo watu wa mizigo.

Katika vita vya 1914 mpaka 1918, jeshi la Kongo ya Ubelgiji, lililoitwa Force Publique, lilipita Rwanda na Burundi, likafika Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 likaingia Tabora. Vitabu vinataja sana majenerali. Lakini risasi, unga na mizinga havikutembea vyenyewe. Viliwekwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Kwa upande wa Kongo peke yake, zaidi ya watu 200,000 walichukuliwa kwa kazi hiyo, wengi bila kupenda. Upande wa Waingereza wapagazi walikuwa wengi zaidi, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingine. Walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Wengi wetu tumesikia jina la Kariakoo, soko la Dar es Salaam. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ambacho watu walikitamka kwa ulimi wao. Watu wananunua nyanya na vitenge pale kila siku bila kukumbuka kwamba wanataja jina la waliobeba mizigo mpaka wakafa. Katika mji huo huo ipo sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi hakupandishwa pale juu.

Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile vya kwanza hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Yaani zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya neno hilo kusemwa wazi.

Katika vita vya pili mambo yalikuwa vile vile. Mwaka 1941 askari wa Kongo walipigana Ethiopia, na huko Saio jenerali wa Waitalia akajisalimisha kwao. Wengine wa Kongo walikwenda mbali zaidi, mpaka Burma, katika kikosi cha matibabu kilichotunza majeruhi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari Waafrika wa Waingereza walipewa malipo ya kuagwa yaliyopangwa kwa rangi ya ngozi, madogo kuliko ya mzungu wa cheo kile kile. Na koplo Albert Kunyuku, Mkongo aliyetumika Burma, alivikwa nishani na mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa mwezi wa Juni 2022. Alikuwa na umri wa miaka 100. Hesabuni wenyewe: kutoka 1945 mpaka 2022 ni miaka 77. Wenzake walikuwa wameshakufa.

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Hapa tunaona vingine: aliyebeba ndiye aliyepigwa mateke. Mhubiri naye anasimulia habari za maskini mmoja mwenye hekima aliyeuokoa mji wake, na hakuna mtu aliyemkumbuka. Kwa hiyo jambo hili si jipya chini ya jua, lakini halijawa halali kwa sababu ni la zamani.

4. WALIOKUJA KUTOKA KWA MAJIRANI

Wapo pia waliokufa karibu na nyumba zetu, siku ambazo wengi wetu tunazikumbuka.

Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika eneo la Beni, waasi waliishambulia kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Askari 15 wa Tanzania waliuawa. Walikuwa na mama zao, wake zao na watoto wao, kama sisi. Walifia kwenye udongo wa Kongo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba 2018, askari wa Malawi na wa Tanzania walipambana na waasi wa ADF karibu na Beni. Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alijeruhiwa vibaya, asiweze kutembea. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimvuta mpaka mahali pa kujikinga, akaanza kumfunga jeraha. Akiwa katika kazi hiyo akapigwa risasi. Chitete akafa, Omary akaishi. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa Chitete nishani ya ushujaa, na mjane wake ndiye aliyeipokea.

Nishani hiyo ina jina la kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Huyu alikuwa mwangalizi wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari. Hakuwa na silaha. Alipita kwenye vizuizi na gari lake mara kwa mara, akawatoa watu wachache wachache, mpaka wakafika mamia. Aliuawa tarehe 31 Mei 1994 kwenye kizuizi. Katika makazi haya tunaishi Wakongo, Wanyarwanda na Warundi pamoja. Basi tukumbuke pamoja kwamba alikuwapo mtu wa mbali, Mwislamu, ambaye hakuuliza kabila la mtu kabla ya kumficha.

Wapo wanaouliza: kama walinda amani walikuwapo, kwa nini vita havikwisha? Swali hilo waulizwe wakubwa waliopanga. Lakini askari aliyemvuta mwenzake chini ya risasi ametoa alichokuwa nacho. Tusimdai yeye deni la wakubwa.

5. TUFANYE NINI?

Tumejifunza kwamba Daudi alitoa fungu. Sisi hatuna nishani wala pensheni ya kugawa. Posho yenyewe haitoshi. Hata hivyo, yapo mafungu matatu ambayo mkimbizi anaweza kutoa.

Fungu la kwanza ni jina. Wapo kati yetu watoto na wajukuu wa wapagazi na askari wa zamani. Mzee akifa na jina hilo halijaandikwa, linakwenda kaburini naye. Kila kikundi kichukue daftari moja. Andikeni jina la aliyetumika, kijiji chake, alikokwenda, na kama alirudi. Mwaka 1919 Mkongo Paul Panda Farnana, aliyepigana upande wa Ubelgiji na kushikwa na Wajerumani, alianzisha chama cha Wakongo huko Ubelgiji, akadai kwamba wenzake waliokufa wakumbukwe. Hakungoja mfalme aanze.

Fungu la pili ni sikio. Mtu aliyerudi vitani mara nyingi hasemi. Usiku anashtuka, mchana anakaa peke yake, watu wanasema ana roho mbaya. Tusimcheke, wala tusimlazimishe kusimulia mbele ya watu. Tumtembelee, tukae naye, tule naye. Akitaka kusema, tusikilize mpaka mwisho. Na wale waliobebeshwa silaha wakiwa watoto, hao hawakutumika, walitumiwa. Nao wanahitaji sikio kuliko hukumu.

Fungu la tatu ni mkono. Mjane wa askari ana nyasi zinazovuja kama mjane mwingine yeyote. Asante ya mdomo haizibi nyasi. Tena wapo wanaotumika leo bila bunduki: walinzi wa usiku, watu wa VHT wanaopita nyumba kwa nyumba na dawa, kijana anayeangalia bomba la maji ili tusipigane kwenye foleni. Hao ndio waliobaki na mizigo yetu. Tuwalimie mstari mmoja wa maharagwe, tuwachotee jerikani moja. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Ndugu wapendwa, tulipokimbia, wengi walipita njia moja, na kila mmoja alibebwa na mtu. Wengine walibebwa mgongoni, wengine walivushwa mto na askari ambaye hawakujua jina lake. Kama unamjua wako, mtaje wiki hii. Kama humjui, mwombee aliyefanana naye.

MASWALI YA VIKUNDI

1. Kwa nini wale 400 hawakutaka kugawana na wale 200? Je, fikira hiyo imo katika makazi yetu?
2. Tutamtambuaje anayetumika na anayenyang'anya? Tumieni Luka 3:14.
3. Ni nani katika bloku yenu aliyetumika na hakuna anayemtaja? Andikeni jina lake kabla ya kutoka.
4. Ni kazi gani moja mtakayoifanya kabla ya mwisho wa mwezi kwa mjane au mzee wa namna hiyo? Chagueni siku na mtu wa kuisimamia.

TUOMBE

Bwana, unawajua wote waliobeba mizigo na hawakuandikwa. Wafariji wajane na yatima wao, katika Kongo, Malawi, Tanzania, Senegal na kila mahali. Uponye waliojeruhiwa na wenye sare, uwape haki yao. Utupe moyo wa Daudi, tusile fungu la mwingine. Na siku moja uzigeuze silaha kuwa majembe, tulime nyumbani kwetu kwa amani. Amina.