Chama chenye shifti mbili: kanuni 4 za kuripoti mchango

Fikiria chama cha wafanyakazi 12 katika Eneo la Viwanda Thika. Sita wako shifti ya mchana, sita ya usiku. Mmoja anaripoti mchango kwenye grupu ya WhatsApp, mwingine anampigia mweka hazina simu, wa tatu anamwambia getini wakipishana. Mwisho wa mwezi hesabu imepungua Sh2,000, na kila mtu anaapa alilipa. Huenda hakuna mwizi, ni ripoti tu iliyopotea. Lakini wenzako wameshaanza kuangaliana vibaya.

Kabla hamjafika hapo, kubalianeni hivi:

1. Ripoti zote ziende mahali pamoja. Grupu ya michango iwe ya michango tu. Salamu na vichekesho vipelekwe kwingine.

2. Kila ripoti iwe na vitu vinne: jina, kiasi, mwezi na nambari ya muamala. Kwa M-Pesa, ni ile yenye herufi na tarakimu 10.

3. Mweka hazina ajibu "Nimepokea" baada tu ya kuangalia akaunti yenyewe. Meseji uliyotumiwa na mtu inaweza kuwa feki.

4. Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, usinyamaze. Kwa M-Pesa, tuma ile meseji ya muamala kwa 456 mara moja uombe pesa zirudishwe, kisha uwaambie wenzako.

PIN haiingii kwenye ripoti yoyote, hata mweka hazina akiiuliza.

Anayetoka shifti ya usiku asome grupu na aone nani amelipa, bila kuamsha mtu.