Usukani Unatetemeka? Anza na Brashi ya Waya

Lori likiegeshwa mbele ya banda langu hapa Emali, penye njia panda ya Loitokitok, mara nyingi dereva anakuwa ameshajiandikia dawa mwenyewe: "Fundi, niwekee risasi, usukani unanichapa mikono." Risasi hizo za kubalansi gurudumu ninazo. Maswali yafuatayo, ambayo huulizwa karibu kila wiki, yatakuonyesha kwa nini huzitoa mwisho.

Nikifika 65 usukani unatetemeka, nikifika 80 unatulia. Kama tairi lina kasoro, si lingezidi?

Linazidi, ila mkono wako hausikii. Tairi la 315/80R22.5 likizunguka mara moja, lori limesogea mita 3.3 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hiyo ni karibu mizunguko 7 kila sekunde. Upande mmoja wa rimu ukizidi uzito kwa gramu 200 tu, kwa mwendo huo unavuta kwa nguvu ya kilo 10 hivi, mara juu, mara chini. Kwa 40 ni kilo mbili na nusu. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inazidi mara nne.

Sasa springi, kabini na usukani kila kimoja kina mdundo wake, kama bembea. Ukiisukuma bembea kwa wakati wake inaruka juu. Ukiisukuma ovyo haiendi mbali. Kwenye lori lako, 65 ndiyo inayooana na mdundo huo. Ukipita hapo mikono inapumzika, lakini beringi na kingipini bado zinapigwa nyundo. Kwa hiyo ile tabia ya kukanyaga mafuta ili "kuuvuka" mtetemo haitibu chochote.

Nitajuaje kama ni gurudumu na si propela?

Sikiliza kasi ya mtetemo, usihangaike na ukubwa wake. Gurudumu unaweza karibu kulifuatisha kwa kidole juu ya dashibodi: tu-tu-tu-tu. Propela huzunguka mara tatu hadi tano kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, hivyo yake ni mvumo. Kioo cha pembeni kinapoteza sura na chai kikombeni inafanya viduara.

Kwenye kipande tambarare, achia mafuta. Mtetemo ukikatika hapo hapo, shuku spaida za propela au senta beringi. Ukija tu unapokanyaga breki, angalia dramu. Mikono ikitikiswa, tatizo liko mbele. Kiti kikitikiswa, tazama nyuma.

Nimebalansi kwa mashine mjini, nimelipa, na bado linatetemeka. Nimeibiwa?

Huenda hukuibiwa. Huenda mashine ilisema kweli, kisha habu yako ikaharibu kazi. Kwenye mashine gurudumu hukaa katikati kabisa, juu ya koni safi. Kwenye lori likafungwa juu ya kutu, matope makavu na rangi. Tairi hilo pamoja na rimu yake ya chuma ni karibu kilo 100. Likikaa nje ya kitovu kwa milimita moja tu, ni kama umebandika risasi ya gramu 350 ukingoni mwa rimu. Milimita moja! Nimewahi kuvua gurudumu lililojaa risasi kama meno ya mamba, na nyuma yake rangi mpya nene kama ganda la chungwa. Niling'oa risasi zote, nikakwangua, nikalirudisha. Mtetemo uliobaki ulikuwa mdogo sana.

Kwa hiyo brashi ya waya kwanza: uso wa habu, uso wa rimu, na ule ukingo wa katikati ambao rimu hukalia. Malori mengi ya sasa yenye bolti kumi hubebwa na ukingo huo, kwa nati bapa zenye washa. Yale ya zamani hutegemea nati za koni kuiweka rimu katikati. Ukichanganya nati za aina hizi mbili, hata mashine mpya kutoka Ujerumani haitakusaidia.

Kisha tazama ubavu wa tairi. Juu kidogo ya ukingo wa rimu kuna mstari mwembamba wa mpira unaozunguka tairi lote. Ukiwa karibu na rimu upande huu na mbali upande ule, tairi halijakaa. Toa upepo wote, paka sabuni, ujaze upya likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Nasisitiza kizimba, maana tairi la lori hubeba zaidi ya psi 100.

Kukaza nati kwa bunduki ya upepo kuna ubaya gani?

Bunduki haina ubaya ikitumiwa kusogeza tu. Ubaya ni kukaza nati moja hadi mwisho kabla ya mwenzake wa upande wa pili kuguswa; rimu inakaa imepinda na hutaiona kwa macho. Kaza kwa kuvuka, nusu nguvu kwanza, gurudumu likiwa bado juu ya jeki. Kumalizia ni spana ya mkono. Nati nyingi za M22 hutaka karibu Nm 600, yaani mtu wa kilo 60 akining'inia mwisho wa bomba la mita moja. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Rudia kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100: ukishuka pwani, simama Kibwezi, ukipanda Nairobi, simama Kyumbi.

Niko hapa na mashine iko mbali. Kuna njia?

Kwa gurudumu la mbele, ipo. Inua ekseli, legeza breki, hakikisha beringi haina mchezo, kisha zungusha gurudumu polepole na uliache lisimame lenyewe. Upande mzito hushuka chini. Weka alama ya chaki, rudia mara tatu. Alama ikirudi chini kila mara, bandika risasi juu, upande wa pili wake. Hii haitibu uzito uliolalia ubavu mmoja wa tairi, na beringi yenye grisi nzito hudanganya, lakini itakufikisha.

Njia nyingine ni kuhamisha. Peleka gurudumu unaloshuku kwenye trela, la trela lije mbele likiwa linafaa kukaa huko. Mtetemo ukihama, umempata mwizi.

Na shanga za kubalansi, zile za kumwaga ndani ya tairi?

Zinasaidia zikiwa kavu na za kiwango sahihi. Kompresa nyingi za barabarani hutema maji, na shanga zilizolowa hugandana upande mmoja. Zaidi ya hayo, haziponyi rimu iliyopinda.

Matairi ya nyuma nayo yabalansiwe?

Ukipata nafasi, ndiyo, lakini kwanza chungulia katikati ya matairi pacha. Malori yanayotoka kwenye mchanga na murram huleta mawe yamebanwa humo, na matope ya kilo nzima yaliyokauka ndani ya rimu. Maji na fimbo vinatosha. Kisha linganisha urefu wa pacha. Aliye mfupi huburutwa na mwenzake na kuliwa vipande vipande.

Mtetemo umeanza ghafla leo, jana haukuwapo. Naweza kufika Nairobi hivi hivi?

Hapo siongei tena habari za risasi. Kasoro ya uzito huja polepole, isipokuwa risasi imeruka. Mtetemo wa ghafla unaweza kuwa nati zilizolegea au nyuzi za tairi zinazoachana ndani. Gusa kila nati, tafuta michirizi ya kutu inayotoka kwenye matundu ya bolti. Kisha pitisha kiganja polepole juu ya meno ya tairi na ubavuni, kuzunguka lote. Ukikuta uvimbe, hata mdogo kama yai la kwale, leta spea. Tunalivua hapa hapa.