PORI LINAVYORUDI: SOMO KUTOKA KONDOA



Shamba likiachwa miaka mitatu, watu husema limeharibika, tena mwenyewe huitwa mvivu. Lakini ukiingia humo ukainama na kutazama vizuri, utaona kazi kubwa inaendelea pasipo jembe. Wataalamu wa mimea huiita urithishano wa pili: kundi moja la mimea hukaa mahali kwa muda, kisha kundi jingine hulirithi. Huitwa wa pili kwa sababu ule wa kwanza huanzia pasipo na udongo kabisa, kama juu ya mwamba mpya uliotapikwa na volkano. Huu wa pili huja baada ya moto, shoka, jembe au mifugo kuondoa mimea, lakini udongo umebaki, na ndani yake zimo mbegu na mizizi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo letu.

Wanaotangulia ni magugu ya msimu mmoja, ambayo mbegu zake huletwa na upepo au zilikuwa zimelala udongoni zikingoja mwanga. Hayadumu, ila hufunika ardhi ili matone ya mvua yasiipige. Hufuata ukoka na nyasi nyingine za kudumu, ambazo mizizi yake hushika udongo. Kisha vichaka vya miiba, kama mtunduru, ambavyo mkulima huvichukia. Lakini chini ya miiba hiyo mche mdogo hupata kivuli, na mbuzi haufikii kwa urahisi. Mwishoni miti huinuka na kuzifunika nyasi kwa kivuli chake.

Msiione orodha hiyo kama madarasa ya shule, la kwanza mpaka la saba. Mmarekani Frederic Clements aliandika mwaka 1916 kana kwamba kila pori hupita njia moja hadi ukomavu wake. Mwenzake Henry Gleason alimpinga mwaka 1926, akisema mengi hutegemea mbegu zipi zimefika na mahali penyewe palivyo. Kwa miombo yetu, Gleason yuko karibu zaidi na kweli. Mbegu za mtundu hazikai udongoni miaka mingi. Maganda hupasuka, mbegu huanguka karibu na mti, na mvua ikinyesha huota au huoza. Kwa hiyo miombo hurudi hasa kwa machipukizi ya visiki na mizizi iliyobaki. Mti ulikuwapo tangu mwanzo, chini ya nyasi! Baada ya miaka 20 au 30 wingi wa miti huweza kukaribia ule wa zamani, ingawa aina zake huchelewa zaidi kukamilika. Hata uyoga una sehemu yake, kwa kuwa aina kadhaa tunazookota porini huishi zimeungana na mizizi ya mtundu na myombo, zikiipatia chakula cha udongoni.

Sasa tutazame Kondoa. Katika milima ya Irangi kulima, kufyeka na kuchunga kwa miaka mingi kulichimba makorongo ya kutisha. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta yalijengwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kula kila kilichoota. Mwaka 1979 ikaamriwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waondolewe katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Nyasi zilirudi upesi, kisha vichaka, kisha miti ya miombo ikachipua yenyewe.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kama ushindi, na ni ushindi kweli. Lakini nani aliulipia? Jamaa waliokuwa na ng'ombe waliwapeleka kwa ndugu zao nyanda za chini au waliwauza. Maziwa yakakosekana nyumbani, samadi ikakosekana shambani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ng'ombe wachache wa maziwa walipoanza kuruhusiwa, wakifugwa bandani na kukatiwa majani. Mimi naona jambo hilo lingetangulia amri. Na pale udongo ulipokuwa umekwisha kuchukuliwa wote, kupumzisha ardhi hakukutosha. Makorongo mengi yako hadi leo.

Kuhusu moto, kuna jaribio maarufu lililoanzishwa mwaka 1933 huko Ndola, Zambia. Sehemu iliyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi iligeuka mbuga ya nyasi. Ile iliyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ilibaki na miti. Iliyokingwa kabisa ilisongamana kuwa msitu.

Basi anayekusudia kupumzisha shamba lake msimu huu asing'oe visiki, hata kama mchoma mkaa anavitaka. Kila kisiki akiachie machipukizi matatu au manne yaliyo imara na kukata mengine. Fito hizo zitafaa kwa ujenzi. Mbuzi wasiingie miaka ya mwanzo. Na barabara ya kuzuia moto isafishwe kuzunguka shamba mwezi Mei au Juni, kabla nyasi hazijakauka.