Kuchagua na Kuchagulia: Maumbo ya Mchoro katika Makro ya Lahajedwali

Utangulizi

Istilahi za kompyuta hazikamiliki kwa kuvipa vifaa majina tu. Sharti ziweze pia kueleza kazi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, lahajedwali likiwamo. Hata hivyo, menyu ni lugha ya amri fupi. Makala hii inachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kufundisha kazi ngumu zaidi: kumwezesha mtumiaji kuchagua umbo la mchoro kwa ajili ya makro, yaani mfuatano wa amri uliohifadhiwa.

Tatizo

Chukuliwe mfano wa mwanafunzi wa isimujamii huko Lanet anayetayarisha ramani ya matumizi ya lugha. Katika laha ya Excel amechora maumbo manne: Lanet, Njoro, Gilgil na Naivasha. Anataka msomaji abofye umbo, kisha data ya mahali hapo ionekane. Akitumia InputBox, mtumiaji ataweza kuonyesha seli, lakini si umbo. Akitumia MsgBox, laha haitagusika hadi ujumbe ufungwe. Mtumiaji ataambiwa achague ilhali amefungwa mikono.

Hapa sarufi inafaa. Kauli ya kutendea hutenganisha mambo mawili: "makro humchagulia mtumiaji umbo" na "mtumiaji huchagua umbo". Amri ya Select inaafiki sentensi ya kwanza, kwani mchaguzi ni makro. Mwanafunzi anahitaji sentensi ya pili.

Utatuzi

(i) Kila umbo lipewe jina la mahali linapowakilisha, mathalani Lanet.

(ii) Maumbo yote yaunganishwe na makro moja kupitia sifa ya OnAction.

(iii) Makro isome Application.Caller, ambayo hurejesha jina la umbo lililobofywa, kisha itafute jina hilo katika jedwali la data.

Tahadhari ni kwamba makro ikianzishwa kutoka orodha ya makro, hakuna umbo lililobofywa, Application.Caller hurejesha thamani ya kosa. Kwa hiyo makro ihakikishe kwanza kuwa imepokea jina.

Maumbo kadhaa yakihitajika kwa pamoja, mtumiaji huyabofya huku ameshikilia Ctrl, kisha hubonyeza kitufe cha kuanzisha makro. Makro nayo husoma Selection.ShapeRange. Katika njia zote mbili, uchaguzi hutangulia na makro hufuata.

Hitimisho

Mfano huu unabainisha kwamba mnyambuliko wa vitenzi si mada ya mtihani pekee. Tofauti ya "chagua" na "chagulia" imeonyesha kiini cha tatizo kabla ya amri yoyote kuandikwa. Wanafunzi wa Kiswahili wanaoshiriki kuunda istilahi hawana budi kuanza na swali hili: nani anatenda, na anamtendea nani?